Mgeni Asiyetazama Ndege

Kwa aliyelikosa gazeti la juma lililopita nitasema kwa ufupi, maana mengine hata mimi sipendi kuyarudia.

Mimi ni mtembeza wageni katika jiji kuu la nchi hii. Mume wangu alikuwa nahodha wa boti ya wageni ziwani. Asubuhi moja, miaka mitatu iliyopita, boti ilikutwa ikielea peke yake katikati ya maji, injini imezimwa, yeye hayupo. Wapiga mbizi walimtafuta siku tisa. Tukamlilia bila kaburi.

Nikabaki na mama mkwe wangu katika nyumba ya vyumba viwili, wajane wawili, kila mmoja akimfichia mwenzake machozi.

Ndipo fundi baiskeli wa pale ziwani aliponiposa. Mama mkwe alilia siku mbili, chakula hagusi. Mimi, sijui kwa upweke au kwa ukaidi, nikakubali. Harusi ikapangwa Jumamosi.

Sasa nieleze ya juma lenyewe la harusi. Jumanne yake alikuja mgeni mwenye darubini.

Ukiifanya kazi hii miaka kumi na moja kama mimi, huangalii tena mandhari. Unaangalia watu wanavyoangalia. Kuna anayekuja kupiga picha, kuna anayekuja kumsahau mtu, kuna anayekuja kwa sababu mkewe amemlazimisha. Nawajua kabla hatujavuka barabara ya kwanza.

Huyu sikumjua.

Walikuwa tisa wakinisubiri mbele ya chemchemi ya jumba la manispaa, ninapoanzia matembezi kila asubuhi. Maharusi wawili walioshikana kama wamegandishwa kwa gundi, familia ya watu sita pamoja na bibi yao, na yeye. Mtu wa makamo, mwembamba, buti mpya zinazolia kila akikanyaga. Mkanda wa darubini ungali na kikaratasi cha dukani.

"Mimi ni mtu wa ndege," akaniambia kabla sijamuuliza. "Nimekuja kutazama ndege tu."

Nikamwambia karibu. Moyoni nikajiuliza, mbona ananijibu swali ambalo sijauliza?

Tukaingia bustani ya mimea. Juu ya bwawa la mayungiyungi palikuwa na mdiria, bluu yake inawaka kama kitambaa kipya. Wote wakashusha pumzi, simu zikatoka mifukoni. Mtu wa ndege akawa ananitazama mimi. Usoni, halafu kwenye kofia, halafu usoni tena.

Tulipofika ziwani, ndege mwari alikuwa amesimama juu ya nguzo ya gati, na mdomo wake mkubwa kama kapu. Nikasema, ngoja nimpime.

"Bwana, yule korongo ni wa aina gani?"

Akakunja uso kama daktari. "Yule? Korongo wa kawaida tu. Jike."

Bibi wa ile familia akamgeukia kwa huruma. "Mwanangu, huyo ni mwari. Mdomo wote ule huuoni?"

Watu wakacheka. Yeye akacheka pia, akainua darubini ili ajifiche nyuma yake. Nikafuata ilikoelekea. Haikuelekea kwa mwari. Ilielekea kwenye kibanda cha baiskeli, ambako fundi wangu alikuwa ameinamia gurudumu.

Mchana nikampelekea fundi habari, kwa mzaha.

"Kuna mtu anakuchungulia kwa darubini. Labda anataka kukuposa yeye kabla ya Jumamosi."

Hakucheka. Akaweka spana chini taratibu.

"Anafananaje?"

Nikamweleza.

"Katoka wapi?"

"Hajasema."

"Umri wake? Mrefu? Ana kovu lolote?"

"Fundi, miaka minne upo hapa, sijawahi kukusikia ukijali mgeni katoka wapi."

"Harusi ikikaribia, mtu huwa na wasiwasi," akasema, akaokota spana na kuanza kukaza nati niliyokuwa nimemwona akiikaza dakika moja kabla.

Bibi harusi ni mimi. Na mimi wasiwasi sikuwa nao, mpaka pale.

Jumatano mgeni akaja peke yake. Akasema anataka kulizunguka ziwa kwa baiskeli. Nikamtumia fundi ujumbe atuandalie mbili.

Tukafika kibandani, kimefungwa. Baiskeli mbili zimeegemezwa ukutani, zimejazwa upepo, viti vimepanguswa. Mlinzi wa geti ndiye aliyekuwa na ufunguo.

"Fundi amepata dharura," akasema. "Kaniambia nikupe hizi."

"Dharura gani?"

"Mama, mimi nalinda geti, silindi dharura za watu."

Miaka minne yule mtu hajawahi kukosa kazini hata siku moja. Hata alipong'olewa jino alirudi saa saba, shavu limevimba kama andazi. Leo mgeni mmoja tu wa darubini, dharura.

Tukapanda baiskeli. Mgeni aliendesha vibaya, magoti nje, kila akifika kwenye kona anashuka kwanza. Tukapita uwanja wa watoto, tukapita boti za kukanyaga kwa miguu, zile zenye vichwa vya bata. Nikamwambia hiki, nikamwambia kile. Anaitikia tu, "Enhe, enhe."

Tulipofika kwenye gati, akashuka bila kona.

Akatembea mpaka mwisho wa mbao. Akatazama maji, akatazama mbao, akanigeukia.

"Viatu viliachwa hapa, au upande ule?"

Wasomaji wangu, sikuwahi kuwaambia habari za viatu. Sikumwambia mtu yeyote aliye hai, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuyasema haya.

Asubuhi ile mume wangu alipotoweka, mtu wa kwanza kufika gatini nilikuwa mimi. Boti ilikuwa mbali, inayumba. Na pale mwisho wa mbao, viatu vyake vyeusi vya kazi vilikuwa vimepangwa sambamba, soksi zimekunjwa ndani, kama mtu aliyeingia msikitini.

Mtu anayeanguka majini kwa bahati mbaya havui viatu akavipanga.

Nikaelewa nilichoelewa. Nikafikiri juu ya mama yake, aliyekuwa amebakiwa na mtoto huyo mmoja. Nikafikiri juu ya maneno ya watu: alikuwa na nini, mkewe alimfanya nini mpaka akajitosa? Nikavitia viatu kwenye mkoba wangu wa kazi, chini ya ramani za wageni, halafu ndipo nikapiga kelele.

Polisi nikawaambia sikukuta kitu. Mama mkwe nikamwambia ameteleza. Miaka mitatu nimeishi na uongo huo, nao umeishi na mimi, tumezoeana.

Kwa hiyo niambieni, mtu anayemwita mwari korongo amevijulia wapi viatu vile?

"Viatu gani?" nikauliza.

"Basi vilikuwepo kweli," akasema, kama anajiambia mwenyewe.

"Wewe ni askari?"

"Hapana, dada."

"Nani kakuambia habari hizo?"

"Kesho unipandishe kule kileleni. Jioni ya leo nina jambo moja la kuhakikisha. Nikilihakikisha, nitakueleza lote. Ila tafadhali, usimwambie mchumba wako."

"Na nani kakuambia nina mchumba?"

Akapanda baiskeli yake, magoti nje, akaniacha nimesimama kwenye mbao zile zile.

Nilirudi nyumbani mbio. Viatu nilikuwa nimevificha juu ya kabati, nyuma ya masanduku, ndani ya boksi la feni. Nikapanda kiti. Boksi lipo. Nikalifungua.

Ndani, gazeti kuukuu tu.

Mama mkwe alikuwa uani anaanua nguo. Nikasimama mlangoni.

"Mama, kuna kitu nilikiweka kwenye boksi la feni. Sikioni."

Nilitarajia aulize, kitu gani? Yeyote angeuliza hivyo. Yeye aliendelea kukunja shuka, ncha kwa ncha, halafu akasema:

"Nani amekuuliza?"

"Mama, ulivichukua wewe?"

"Mwanangu," akasema, bado hajanitazama, "wewe olewa. Olewa Jumamosi, uondoke humu ndani, ukaanze maisha yako. Mambo ya nyuma hayana mwenyewe."

Huyu ndiye aliyelia siku mbili nilipoposwa! Huyu ndiye aliyesema nikiolewa nitakuwa nimemzika mwanawe mara ya pili! Leo ananisukuma niende, kama mgeni aliyekaa kupita kiasi.

Sikula. Nilimpigia fundi, simu imezimwa. Nikalala na macho wazi, nikiwahesabu watu ninaowaamini duniani, na kila nilipofika kwa wa pili nikakwama.

Alhamisi asubuhi nikampandisha mgeni kileleni.

Kilima chetu kina ngazi mia tatu na kumi na mbili, za mawe, njia moja ya kupanda na hiyo hiyo ya kushuka. Kawaida wageni nawapumzisha mara tatu njiani, kwenye vituo vyenye mabenchi. Huyu sikumpumzisha hata mara moja. Alifika juu anahema kama mvukuto. Nikamwacha aheme.

Kutoka pale jiji lote unalo chini yako: jumba la manispaa, bustani, reli ya zamani, ziwa kama sahani. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Sema," nikamwambia.

Akatoa picha mfukoni, akanipa.

Ilikuwa picha yangu. Nimesimama pale pale tulipokuwa tumesimama, mkono umeshika kofia isichukuliwe na upepo, nacheka, mwanya wangu wote nje. Aliyeipiga alikuwa mume wangu.

"Picha hii umeipata wapi?"

"Kwa mwanamume anayetaka kumwoa mdogo wangu," akasema. "Ni mgane, kafiwa na mkewe. Ndivyo alivyotuambia. Anaiweka kitandani kwake na kulia mbele yake. Alisema mkewe alikuwa mtembeza wageni hapa jijini. Asubuhi moja akavua viatu gatini, akajitosa ziwani. Mwili haukuonekana."

Nikakaa chini kwenye jiwe.

"Dada," akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "mimi sijui ndege. Mimi ni mshona mapazia. Nimekuja huku kuhakikisha kifo chako."

Nakumbuka mchwa walikuwa wanapita kwenye ufa wa jiwe, nami nikawa nawatazama kama nimeajiriwa kuwalinda.

Yu hai. Hicho ndicho nilichokuwa nimeelewa. Yule niliyemlilia yu hai, na kavivua viatu vyake kanivika mimi.

"Kwa nini ulimtilia shaka?" nikauliza mwishowe.

"Kwa sababu ya tarehe. Mtu anayemlilia marehemu kiasi kile anaijua siku aliyokufa. Yeye mara mwezi wa tatu, mara mwezi wa tano. Nikamwambia mdogo wangu, acha nichunguze. Akanijibu mambo mawili. La kwanza, kwamba mama wa huyo bwana amezungumza naye kwa simu, amembariki, amemwita mkwe wake."

"Mama yake?"

"Mama yake."

Nikaliona lile shuka uani, ncha kwa ncha.

"Na la pili?"

"Kwamba yuko shahidi. Mtu aliyekuwepo ziwani siku ile, aliyeona kwa macho yake wewe ukizama. Nilipewa namba yake, nikampigia kabla sijasafiri. Akanieleza vizuri sana, mpaka nikamwonea huruma. Jana jioni nimempigia tena, bila kumwambia kwamba niko hapa jijini. Nikamwambia, ndugu, hebu nikumbushe. Akaniapia kwamba yeye ndiye aliyekuita kutoka ufukweni, nawe hukugeuka."

"Shahidi gani huyo?"

Akanyoosha mkono kuelekea chini, ziwani, kwenye kibanda cha baiskeli.

Nilitaka kucheka. Mnaweza kuamini? Mwanamume aliyepima kidole changu kwa uzi ili anitengenezee pete ya harusi, ndiye huyo huyo anayewaapia watu kwa simu kwamba aliniona nikifa.

"Siku zote tatu nilikuwa nakutazama," mshona mapazia akasema. "Unisamehe. Sikujua kama na wewe umo katika mchezo huu. Jana gatini nilipotaja viatu, uso wako ulinijibu."

"Harusi ya mdogo wako ni lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi hii?"

"Hii."

Nikamwambia mpigie.

Akapiga. Akaweka sauti ya nje. Msichana akaitikia kwa furaha, nyuma yake kuna kelele za watu wanaohamisha viti.

"Kaka! Umefika wapi? Mbona hurudi? Watu wanakuulizia!"

"Kuna mtu hapa anataka kuzungumza na mchumba wako," kaka yake akasema, akanipa simu.

"Nani?" msichana akauliza.

Nilikuwa na maneno mengi. Miaka mitatu ya maneno. Yakanitoka haya:

"Mdogo wangu, samahani kwa usumbufu. Mwambie marehemu anataka kuzungumza naye."

Akacheka kidogo, akidhani ni utani wa wageni wa mjini. Nikamsikia akiita, "Njoo, kuna dada mmoja ana vituko!" Hatua zikasogea. Mtu akakohoa. Kikohozi kile ningekitambua katikati ya soko.

"Haloo?"

"Ni mimi," nikasema.

Viti viliendelea kuburutwa. Kisha nikasikia mlango unafungwa, na sauti yake ikarudi ya chini, karibu sana na simu.

"Uko wapi?"

"Hilo ndilo neno lako la kwanza?"

"Nijibu. Uko wapi sasa hivi?"

"Kileleni. Na shemeji yako yuko hapa, anasikia."

"Fundi yuko wapi?"

"Unaniuliza fundi? Fundi shahidi wako? Mimi ndiye wa kuulizwa?"

"Nisikilize." Alikuwa anahema. "Nimekukosea, nitakuja kuhukumiwa, sikatai. Lakini mimi sikuondoka kwa kupenda. Unadhani nani alinivusha ng'ambo asubuhi ile? Nani aliniambia nichague, niondoke mimi au mama azike watu wawili? Usiolewe na mtu yule. Na usiwe naye mahali ambapo hakuna watu."

"Mwongo," nikasema. "Umeniua kwa mdomo wako, leo unataka kuniokoa?"

"Basi usiniamini mimi. Muulize mama."

Simu ikakatika. Mshona mapazia akajaribu tena, na tena. Haikupokelewa.

Nikapiga nyumbani. Nikasema mama akipokea nitamuuliza neno moja tu, nami nitajua kwa pumzi yake. Simu ikaita, ikaita, ikaita mpaka ikachoka. Mama mkwe hatoki nyumbani Alhamisi. Na simu yake huwa shingoni, ameitundika kwa kamba.

"Dada," mshona mapazia akasema taratibu. "Tazama ngazini."

Fundi alikuwa anapanda. Peke yake, anaruka ngazi mbili mbili, fulana imelowa jasho. Tangu jana kwangu simu imezimwa, ingawa ya mshona mapazia aliipokea, hajulikani alipo, na leo amejuaje kwamba niko juu? Sikumwambia mtu.

Akafika kwenye kituo cha mwisho cha kupumzikia, chini yetu ngazi kama arobaini hivi. Akainua uso. Akamwona mgeni, akaniona mimi. Akasimama, mikono magotini, akavuta pumzi.

"Shuka!" akaniita. "Shuka haraka, mama ameanguka! Nimemwacha sakafuni, hasemi!"

Nilimtazama machoni, nikatafuta uongo. Miaka kumi na moja nasoma nyuso za watu. Kwake niliona mtu aliyechoka na mwenye hofu, lakini sikuweza kujua hofu ile ni ya nini.

"Usiende," mshona mapazia akaninong'oneza, akanishika mkono. "Mwambie atangulie. Tungoje watu wapande."

"Na kama ni kweli ameanguka?"

Akazidi kunikaza mkono.

Yule mama amenidanganya, nilikuwa nimeshalijua hilo. Alimbariki mwanamke mwingine huku nikimpikia uji. Lakini ndiye aliyenishika kichwa usiku wote tisa walipokuwa wanamtafuta mwanawe majini, naye hakulala hata mmoja.

Nikautoa mkono wangu katika mkono wa mshona mapazia.

"Wewe kaa hapa juu," nikamwambia. "Usiache kututazama."

Nikakanyaga ngazi ya kwanza. Chini yangu fundi akaninyooshea mkono, anitegemeze.